Barua ya wazi kwa kamati za shule Kibiti: kabla ya kununua vitabu, mwiteni anayesoma kwa shida

Kwa:
Wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule za msingi,
Walimu wakuu,
Divisheni ya Elimu ya Awali na Msingi,
Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti.

YAH: UCHAGUZI WA VITABU VYA ZIADA KWA WATOTO WENYE DISLEKSIA



Naandika kutoka Mtawanya ninakoishi. Kazi yangu iko Kibiti mjini, kwenye steshenari, na mitihani ya majaribio ya shule kadhaa hupita mikononi mwangu kabla ya kufika darasani. Ombi la walimu nimelizoea: "Bana kidogo, iingie ukurasa mmoja." Basi napunguza fonti hadi saizi 10, nabana mistari, nafuta nafasi kati ya swali na swali, mpaka swali la saba linakalia mgongo wa swali la sita. Mwalimu simlaumu. Karatasi ni fedha, na ruzuku mnaijua ilivyo. Ila ninachowaomba leo kinaanzia hapohapo, kwenye namna maandishi yanavyopangwa, kwa sababu wako watoto ambao mpangilio huo ndio unaoamua kama watasoma au watakaa wakiangalia tu.

Mnawajua. Kila darasa linao. Mtoto anajibu hesabu za mdomo kabla mwalimu hajamaliza kuuliza, anasimulia hadithi wenzake wakanyamaza, akitumwa dukani na maagizo manne harudi na matatu. Mpe kitabu, uso unabadilika. Kipindi cha kusoma kikianza anaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia. Huyu ndiye anayeitwa kilaza, na kama umri umekwenda, wapo wanaosema apelekwe MEMKWA, kwenye mpango wa walioikosa elimu ya msingi. Kwa walio wengi wa aina hii, akili haina hitilafu yoyote. Kazi ya kuunganisha herufi na sauti yake, ambayo kwa wenzao hufika mahali ikawa ya kujiendea yenyewe, kwao inabaki kazi ya jasho kila siku. Wataalamu wanaiita disleksia. Makadirio ya nchi mbalimbali yanatofautiana, lakini mengi yanaangukia kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100. Darasa la watoto 80 linaweza kuwa na wanne, linaweza kuwa na wanane.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la matabibu habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy, mwerevu, mwepesi michezoni, ambaye hakuweza kusoma pamoja na kufundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alieleza kwamba kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Sisi watu wa Rufiji na Kibiti, tuliolelewa kwa hadithi za jioni na kuhifadhi sura za Kurani kwa kusikiliza kabla ya kuufungua msahafu, tulipaswa kuwa wa mwisho kumdharau mtoto anayejifunza kwa sikio.

Niwaoneshe inavyokuwa. Mtoto wa jirani yangu, darasa la nne, alipita dukani na kitabu cha hadithi akaanza kunisomea. Alisoma vizuri mno, bila kukwama, na sauti ya fisi akaitia ukali wake. Nikamwomba anioneshe neno "fisi" liko wapi. Kidole hakikuenda kwenye neno. Kilirudi mwanzo wa mstari, kikaanza kuhesabu maneno moja moja huku midomo ikirudia sentensi aliyokwisha kuihifadhi, hadi kikafika penye fisi. Ukurasa mzima alikuwa ameushika kwa kichwa baada ya kumsikia mwenzake akisoma mara moja au mbili. Nikageuza ukurasa ambao hajawahi kuusikia. Akasoma maneno mawili, akatazama nje.

Mtaniambia: watoto wengi hawasomi kwa sababu ya utoro. Msimu wa mpunga ukifika, familia nzima inahamia dunguni na mtoto anaamia ndege badala ya kukaa darasani. Ni kweli, na tatizo hilo lina dawa yake. Lakini tazameni tofauti. Aliyekosa majuma ya mavuno atarudi nyuma, kisha akifundishwa anapanda. Mwenye disleksia hakukosa hata kipindi na bado yuko palepale. Vilevile si kila anayechanganya l na r ana disleksia. Mengine ni matamshi ya nyumbani tu. Na kabla ya kumpa mtoto jina lolote, akapimwe kwanza macho na masikio.

Yupo atakayesema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo ugonjwa huu ni wa Waingereza na tahajia yao ya mizengwe. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Mwaka 2001 watafiti wakiongozwa na Eraldo Paulesu walilinganisha wasomaji wenye disleksia wa Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Ndani ya ubongo tatizo lilionekana lilelile kwa wote, ila Waitaliano, ambao lugha yao ina tahajia nyoofu, walisoma vizuri kuliko wenzao. Kiswahili kiko upande wa Kiitaliano. Ndiyo maana mtoto wetu mwenye disleksia hajulikani upesi: hakosei sana, ila anakwenda polepole mno. Anaunga silabi hadi mwisho wa sentensi, na akifika huko mwanzo wake umeshamtoka. Mwalimu anasikia maneno sahihi, anaandika "anajua kusoma", anapita. Hata hiyo tahajia nyoofu isitudanganye. Mwaka 2003 Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti wao juu ya makosa ya watoto wa Tanzania katika kuandika Kiswahili, na kichwa chenyewe cha utafiti kilikwisha kusema kwamba kujifunza tahajia ya lugha ya aina hii si kazi ndogo.

Tena Kiswahili kina mitego yake. Maneno ya mwanzo kabisa tunayompa mtoto ni baba na dada, maneno mawili yanayotofautishwa na herufi moja iliyogeuzwa upande. Kwa mtoto ambaye b na d humgeukiageukia, hapo tumemwanzishia safari kwenye tope. Halafu kuna urefu. Mtoto wa Kiingereza anapewa maneno kadhaa mafupi, wetu anapewa "hawakumtambua" kwa mkupuo mmoja. Kuna ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, tofauti yake ni alama ndogo kama chawa inayopotea kabisa fonti ikiwa ndogo.

Sasa nije kwenye vitabu. Kitabu cha kiada hamkichagui ninyi. Kinaandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na katika ile shilingi 10,000 ya ruzuku kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, utaratibu wa elimu bila malipo ulipoanza mwaka 2016 ulitenga 4,000 zibaki juu kwa ajili ya vitabu na 6,000 zije shuleni. Mnachochagua ni vitabu vya ziada: vya hadithi, vya kona ya kusomea, vile mnavyonunua kwa michango au mnavyoletewa na wafadhili mkaulizwa mnapenda vipi. Hapo ndipo mna nguvu, na hapo ndipo naona tunachagua kwa macho ya watu wazima. Tunaangalia jalada, tunaangalia kama kina ithibati, tunaangalia bei, tunaangalia ni cha darasa la ngapi. Mara nyingi hatufungui ndani.

Fungueni ndani. Ithibati inawahakikishia maudhui. Haiwaambii kama mtoto mzito wa kusoma ataweza kuufuata mstari. Tazameni kwanza ukingo wa kulia wa ukurasa. Kama mistari yote imenyooshwa pande zote mbili kama matofali, mjue kompyuta imetanua nafasi kati ya maneno ili kujaza mstari. Kwa maneno yetu marefu na ukurasa mwembamba wa kitabu cha mtoto, nafasi hizo huwa mashimo, na jicho la msomaji dhaifu linatumbukia humo. Ni heri mistari inayoanza sawa kushoto na kuishia popote kulia. Tazameni kama neno limekatwa mwisho wa mstari: "walipo-" juu, "mkaribia" chini. Msomaji mzuri halioni hilo. Anayeunga silabi amepoteza nusu ya neno njiani, na nusu ya pili haimwambii kitu. Mimi kitabu cha watoto chenye maneno yaliyokatwa hivyo nakirudisha kwenye rafu bila kusoma zaidi.

Kuhusu herufi, Chama cha Disleksia cha Uingereza kinashauri fonti nyepesi zisizo na vijimkia, mfano Arial au Verdana, saizi 12 hadi 14, nafasi ya mstari mmoja na nusu, na karatasi isiyong'aa yenye rangi ya maziwa badala ya nyeupe inayoumiza macho. Kinashauri pia kuepuka maandishi ya mlazo, kupigia mstari na kuandika sentensi nzima kwa herufi kubwa. Hayo yote naweza kuyafanya kwenye kompyuta yangu hapa Kibiti kwa dakika chache, na mchapishaji wa Dar es Salaam anaweza zaidi. Mwaka 2012 Marco Zorzi na wenzake walifanya jaribio na watoto wa Italia na Ufaransa wenye disleksia: walipoachanisha herufi zaidi ya kawaida, watoto walisoma kwa kasi zaidi na makosa yakapungua, bila mafunzo yoyote ya ziada. Msiuziwe maajabu, hata hivyo. Kuna fonti zilizobuniwa mahususi kwa disleksia, OpenDyslexic mojawapo, na majaribio mengi hayakuonesha kwamba zinashinda fonti ya kawaida iliyopewa nafasi ya kutosha. Nafasi ndiyo inayosaidia. Ushauri huu ni wa bure, na kwa halmashauri yetu hiyo ni sifa kubwa.

Shikeni karatasi mkaielekeze dirishani. Ikiwa maandishi ya upande wa pili yanapenya, mtoto anasoma kurasa mbili kwa wakati mmoja. Na picha zisiwekwe nyuma ya maneno. Mchoraji anapenda kumwaga rangi ukurasa mzima kisha hadithi ikaandikwa juu ya majani ya mnazi. Inapendeza sana, haisomeki.

Wajumbe wa Salale, Mbuchi, Maparoni, Msala na Kiongoroni wana jambo lao la ziada. Huko delta vitabu vinasafiri kwa boti, na mafuriko ya Aprili 2024 hakuna aliyeyasahau. Vitabu vyembamba vingi ni bora kuliko kitabu kinene kimoja: vinabebeka, vikilowa hasara ni ndogo, na mtoto anayesoma kwa shida akimaliza kitabu cha kurasa 16 amemaliza kitabu. Hajawahi kuonja hilo.

Jambo ninaloliona zito kuliko fonti ni hadithi yenyewe. Mtoto wa miaka 12 anayesoma kwa kiwango cha darasa la pili tunampa kitabu cha darasa la pili. Jalada limeandikwa hivyo kwa herufi nene, na ndani baba analima, mama anapika, kuku amepotea. Huyo mtoto anajua kupiga kasia kwenye mkondo wenye viboko. Anajua kamba wanapatikana maji yakiwaje, ameshauza korosho na kukokotoa chenji. Anafichwa nini kuhusu kuku? Anakifunika kitabu kwa mkono wenzake wasione jalada, na haya hiyo peke yake inatosha kumwachisha kusoma. Kuna mchapishaji aitwaye Barrington Stoke, aliyeanzia Edinburgh miaka ya 1990, kazi yake ni hii hasa: hadithi za rika la mtoto, zenye vitisho na vichekesho vya umri wake, zimeandikwa kwa sentensi nyepesi na kupangwa kwa nafasi. Kwa Kiswahili mchapishaji wa namna hiyo simjui. Lakini tuna wachapishaji wenye uzoefu wa vitabu vya watoto, Mkuki na Nyota na E & D Vision wakiwemo, na mchapishaji huchapa anachoulizwa na wanunuzi. Halmashauri ikiuliza, atasikia. Mzazi mmoja akiuliza, anajibiwa kwamba vitabu vimekwisha.

Wakati tunasubiri, tusikae mikono mitupu. African Storybook wana hadithi nyingi za Kiswahili kwenye intaneti zenye leseni huria. Mtu anaruhusiwa kuzipakua, kuzirekebisha na kuzichapa bila kuomba. Nilichukua mojawapo, nikaiweka kwa saizi 14, mistari ikaachana, nikachapa kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, nikampa yule mtoto wa fisi. Hakugeuka msomaji mwepesi. Alisoma polepole vilevile, akasimama mara nyingi, ila alifika chini ya ukurasa na akaniambia kilichotokea kwenye hadithi. Shule yoyote ya wilaya hii itakayoniletea karatasi zake, kazi ya kupanga na kuchapa nakala ya kwanza ya hadithi kama hizo naifanya bure.

Na sauti je? Kusikiliza kitabu wapo wanaoona ni kudanganya. Sikubaliani nao. Mtoto anayesikiliza huku macho yakifuata mstari anapata msamiati na habari ambazo wenzake wanazipata kwa kusoma, na bila hivyo anaachwa nyuma hata katika sayansi na maarifa ambayo kichwa chake kinayaweza. Mwanafunzi wa darasa la saba anayesoma vizuri anaweza kurekodi hadithi kwenye simu ya mwalimu, ikawekwa kwenye memori kadi, ikasikilizwa kwa redio ndogo ya kuchaji kwa sola. Teknolojia hiyo ipo kwenye kila kijiwe cha kahawa. Sheria nayo si kikwazo kama tunavyodhani. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaolegeza masharti ya hakimiliki ili vitabu vitolewe katika miundo inayofikika, hauwahusu wasioona peke yao. Unawataja pia wenye ulemavu wa kusoma maandishi. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Kwa hiyo taasisi yetu ya elimu, inayochapa vitabu vya nukta nundu na vya maandishi yaliyokuzwa kwa wenye uoni hafifu, ina msingi wa kumfikiria pia mtoto mwenye macho mazima ambaye maandishi yanamkatalia. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 ulikwisha kufungua mlango. Jirani zetu Kenya wana Dyslexia Organisation Kenya inayoelimisha wazazi na walimu. Sisi tunaweza kuanza na kitu kidogo kuliko chama.

Ombi langu ni hili, wala halihitaji bajeti mpya. Kabla kamati haijapitisha ununuzi wa vitabu vya ziada, ombeni nakala moja moja za mfano. Waiteni watoto watatu au wanne wanaosoma kwa shida kuliko wote shuleni, mmoja mmoja, si mbele ya darasa, na bila kuwaambia ni mtihani. Maana sio mtihani wao, ni mtihani wa kitabu. Kila mmoja achague kitabu mwenyewe, asome ukurasa, kisha asimulie alichokisoma. Kitabu kilichowashinda wote kisinunuliwe kwa wingi, hata kama jalada lake linawaka. Kitabu ambacho mtoto ameomba kwenda nacho nyumbani, nunueni nakala nyingi. Msihofu kwamba wasomaji wazuri watapungukiwa; kitabu chenye nafasi na hadithi nzuri hakijawahi kumdhuru msomaji mzuri. Matokeo yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, jina la kitabu na sababu ya kukubaliwa au kukataliwa, na nakala ije halmashauri. Divisheni ikikusanya mihtasari hiyo kutoka kata zote, Kibiti itakuwa na orodha yake ya vitabu vinavyosomeka, iliyotengenezwa na watoto wa Kibiti, na mkurugenzi atakuwa na kitu cha kuweka mezani atakapoulizwa na mfadhili au mchapishaji.

Kwa walimu wakuu naongeza moja tu: msimlazimishe mtoto wa aina hii kusoma kwa sauti mbele ya wenzake bila kumpa ukurasa jana yake.

Naomba jambo hili liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kila kamati ya shule, na Divisheni itoe maelekezo kwa maandishi kabla ya ununuzi wa muhula wa Januari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye steshenari, mkazi wa Mtawanya, Kibiti.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania
Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule, Wilaya ya Kibiti
Ubao wa matangazo, ofisi ya kata Mtawanya